Tifway 419 haina mbegu: kwa aliyeuliza kuhusu ukoka chotara Tabora

Mkuu, umeuliza kwa nini pakiti ya "mbegu za Tifway 419" imeota ukoka mpana uleule wa kawaida, na ufanyeje mbele ya nyumba yako pale Ipuli.

Tifway, ukoka chotara wa kupandwa bustanini, haizai mbegu. Baba na mama yake ni ukoka wa kawaida (Cynodon dactylon) wenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 36 na Cynodon transvaalensis wa Afrika Kusini mwenye 18. Chotara akabaki na 27, idadi isiyogawanyika sawa wakati wa kuunda chavua, kwa hiyo ni tasa. Hata akitoa maua, ndani ni makapi. Ulichouziwa ni dactylon tu.

Kwenye lebo utakuta Cynodon × magennisii. Alama hiyo ya kuzidisha ndiyo inayoonyesha ni chotara. Jina hilo lilianzia kwa chotara wa asili wa Afrika Kusini. Wengine huandika majina ya wazazi wote wawili, na si kosa. Tifway yenyewe ilichomoza kati ya mbegu za transvaalensis kutoka Johannesburg zilizomfikia Glenn Burton, mtafiti wa Tifton, Georgia, mwaka 1954. Ikatolewa rasmi 1960. Wanaoinadi kama "nyasi ya Marekani" wanasahau nusu ya habari.

Kazi kubwa ni kusafisha kiwanja. Ukoka ule mnene wa barabarani mara nyingi ni Cynodon nlemfuensis, wa huku huku Afrika Mashariki. Hauna mashina ya chini ya ardhi, jembe linaumaliza. Dactylon anayo, na huyo ndiye wako. Mwagilia achipue vizuri, piga glaifoseti (dawa ya kuua magugu), subiri wiki 3 hadi 4, kitakachochipua upige tena. Ukilima kabla dawa haijashuka mizizini unakatakata vipande, na kila pingili inageuka mche. Usipande chotara juu ya ukoka hai: wakishachanganyika, dawa inayoua mmoja inaua na mwenzake, na utabaki na mabaka ya majani mapana yenye kijani tofauti.

Vipando, yaani vipande vya shina vya kupanda, ukavione shambani, vikiwa bado vinakua, usinunue kwa kuangalia kiroba. Jani la Tifway ni jembamba na kijani chake kimekolea. Beba ndani ya gunia bichi, panda siku hiyo hiyo. Mchanga wa Tabora hauhifadhi maji, basi tandaza samadi iliyooza vizuri sentimita 2 na uichanganye na sentimita 15 za juu. Eneo la mita za mraba 100 linataka mita za ujazo 2. Samadi mbichi italeta magugu. Kila kipando kiwe na pingili 3 au 4, theluthi mbili zifukiwe, ncha ibaki nje, sentimita 20 kila upande, yaani vipando 25 kwa mita ya mraba. Kanyagia udongo ushike. Walio Kigoma kwenye mteremko wachimbe mistari inayokingama, maana mvua ya nguvu hubeba vipando vyote hadi bondeni.

Wiki 2 za mwanzo udongo wa juu usikauke. Vikishashika, weka urea kilo 1 kwa mita za mraba 100, mwagilia papo hapo ili isiunguze majani. Ukikata, usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu. Ukichelewa kisha ukashusha mashine chini kabisa, utabaki na vijiti vya kahawia.

Chini ya mwembe usipande kabisa. Tifway inataka jua karibu siku nzima; hapo weka kokoto, au nyasi ya Stenotaphrum ya majani mapana, inayovumilia kivuli.

Kiangazi, kuanzia Mei, ili ibaki kijani itataka karibu milimita 25 za maji kwa wiki: lita 2,500 kwa mita za mraba 100. Ndiyo maana ningeipanda kama ukanda wa mita za mraba 30 kando ya njia ya mlangoni, lita 750 tu, na sehemu nyingine nikaweka mawe na maua. Ukishindwa kumwagilia, itageuka kahawia bila kufa, lakini fagia mabaki makavu yasiite mchwa.