Vodka ya bei mbaya usiiweke kwenye friza

Chupa yangu ya kwanza ya vodka ya Double Cross nililetewa na binamu yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Marekani. Ilikuwa imetengenezwa Stará Ľubovňa, mji wa Slovakia, mwendo mfupi tu wa treni kutoka mji wa Kežmarok nilikokuwa nikiishi. Ikavuka bahari, kisha ikarudi nyumbani ndani ya begi lake. Niliilaza kwenye friza usiku kucha, kesho yake tukaichanganya na juisi ya machungwa na barafu nyingi. Ladha tuliyoipata ni ya juisi basi.

Aliyenifungua macho ni mzee mwenye nyumba wangu. Chupa ilikuwa imebaki robo. Akaitoa kwenye friza, akaiacha mezani hadi ubaridi ukaisha, akamimina kidogo kwenye glasi ndogo. Kisha akadondosha tone moja kiganjani, akasugua mikono yote miwili na kuniambia ninuse. Mwanzoni ikanipiga harufu kali ya spiriti. Nikasubiri kidogo, spiriti ikapotea, ikabaki harufu tamu kama ya mkate uliotoka kwenye tanuri. Ile ndiyo harufu ya ngano iliyotengenezewa vodka hiyo.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huo: vodka unayoinunua kwa mara ya kwanza, inuse na uionje bila ubaridi. Baridi huficha makosa, na huficha uzuri vilevile. Ikikukwaruza koo na kuacha uchungu ulimini, hapo ndipo uipeleke kwenye friza au kwenye juisi.

Ngano inayotumika ni ya majira ya baridi. Hupandwa vuli, hulala chini ya theluji, na kuvunwa kiangazi kinachofuata. Husagwa, hupikwa, vimeng'enya hugeuza wanga wake kuwa sukari, halafu hutiwa hamira ichachuke. Hapo unapata pombe hafifu tu. Kazi kubwa ni kuikeneka, yaani kuichemsha na kuukusanya mvuke wake ukishapoa. Waliowahi kuona gongo ikipikwa wanaujua msingi wa kazi hii, tofauti ni uangalifu. Mvuke wa mwanzo una vitu vyepesi vyenye harufu ya gundi, na wa mwisho una mafuta mazito yanayochosha kichwa. Mpikaji mzuri huviondoa vyote viwili na kubakiza cha katikati, hata kama atapata kidogo.

Double Cross inajinadi kwamba imekenekwa mara 7 na kuchujwa mara 7. Naiheshimu kazi hiyo, lakini usinunue chupa yoyote kwa sababu ya namba. Kwenye mitambo mirefu ya siku hizi mvuke hupoa na kuchemka tena mara nyingi humohumo ndani unapopanda, kwa hiyo hesabu ya kiwanda kimoja huwezi kuilinganisha na ya kingine. Mimi huuliza kwanza nafaka, halafu maji.

Maji ndiyo wengi tunayoyasahau. Kwa Kislovakia maji ni "voda", na vodka ni kama kusema vijimaji. Spiriti safi hutoka mtamboni ikiwa na nguvu ya asilimia 96 hivi, kisha huongezewa maji mpaka ishuke kwenye 40. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya unachokunywa ni maji, na ya Stará Ľubovňa hutoka kwenye chemchemi za milima ya Tatra. Ukipita upande ule mwezi wa nne, theluji inapoyeyuka, utaona mto Poprad umejaa pomoni na maji ni ya baridi ya kuuma vidole.

Ukienda mwenyewe, shuka Hniezdne, kituo kidogo kabla ya Stará Ľubovňa. Pale kuna Nestville Park, kiwanda cha wiski kinachopokea wageni, na utaona jinsi nafaka inavyopikwa. Ngome ya Ľubovňa nayo usiikose.

Wenyeji wakikukaribisha, mtazame mwenzako machoni, sema "na zdravie", yaani kwa afya, na ule kitu: mkate, jibini ya kondoo, matango ya siki. Gari liache nyumbani. Sheria ya Slovakia haimruhusu dereva kuwa na hata chembe ya pombe mwilini, na glasi ya jana usiku inaweza kukukamatisha leo asubuhi. Treni ya kwenda mji wa Poprad ipo.