Reli ya dizeli inayosubiri umeme: kuchelewa kunauma wapi?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara hapa Voi. Tangu reli ya kisasa (SGR) ya Mombasa–Nairobi ifunguliwe 2017 tunaambiwa itawekewa umeme baadaye. Watanzania wao wameanza na umeme moja kwa moja. Kama nyaya zinaweza kutundikwa wakati wowote, kuchelewa kunatuumiza wapi?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Kutundika nyaya si kazi ngumu sana. Kinachouma ni vile vinavyonunuliwa na kujengwa wakati nyaya zinasubiriwa, maana kila kimoja kinageuka kuwa sababu ya kusubiri tena.

Chukua vichwa vya treni. Kenya ilianza na vichwa 56 vya dizeli, na kichwa kikitunzwa hufanya kazi miaka 30 hivi. Umeme ukija mwaka wa 12, vingi vina nguvu bado, na mhasibu atauliza, tena kwa haki, kwa nini viegeshwe. Karakana nazo ni za dizeli, na mafundi wamesomea dizeli.

Linaloninyima usingizi zaidi ni nafasi iliyo juu ya reli. Treni zenu za mizigo hupakia makontena mawili, moja juu ya jingine. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.6, weka mawili, ongeza sakafu ya behewa, umeshapita mita 6. Juu yake lazima pabaki hewa ya kutosha ili umeme wa kilovolti 25 usiruke, ndipo waya upite. Wahindi, kwenye reli yao ya mizigo ya magharibi, wameupandisha waya hadi mita 7.5 hivi. Sasa fikiria kivuko cha waenda kwa miguu kikijengwa leo juu ya reli na mtu aliyepima treni ya dizeli tu. Siku ya umeme kitabomolewa.

Waingereza yamewakuta. Kwenye reli ya London kwenda Bristol na Wales, pale Steventon, waya ulilazimika kushuka ghafla kupita chini ya daraja la zamani. Treni za maili 125 kwa saa ziliwekewa kikomo cha 60 mahali hapo, mpaka majaribio ya baadaye yaliporuhusu 110. Gharama zilipopanda, mwaka 2016 umeme wa kipande cha kuingia Bristol uliahirishwa, na 2017 wa Cardiff–Swansea ukafutwa. Treni zilizoagizwa ziwe za umeme mtupu zikawekewa injini za dizeli pia. Hadi leo zinabeba uzito huo chini ya waya, kutoka London mpaka Cardiff.

Halafu kuna mitambo ya ishara. Umeme unaoendesha treni hurudi kwenye kituo cha kupozea umeme kupitia reli zilezile, na mitambo mingi hutumia reli hizo hizo kutambua treni iko wapi. Isipoandaliwa mapema, hubadilishwa.

Faida mnayoikosa iko kwenye mlima. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mzigo mzito hupanda kutoka bandarini. Kichwa cha dizeli kinatoa nguvu ya injini yake tu. Cha umeme huvuta kutoka gridi, ambayo kwenu sehemu kubwa ni ya mvuke wa ardhini, maji na upepo. Ila ukiahidiwa kwamba treni zikiteremka zitarudisha umeme mwingi, punguza matumaini: nyingi huteremka na makontena matupu.

Na Malaba, mpakani na Uganda, inakuja. Uganda ilisaini mkataba Oktoba 2024 wa reli ya umeme ya kilomita 272 kutoka hapo hadi Kampala. Reli yenu ikifika mpakani na dizeli, kila treni itasimama ibadilishe kichwa na kupimwa breki upya. Kwa mwenye mzigo hizo ni saa.

Sisemi dizeli ya 2017 ilikuwa kosa. Ila kwa kipande cha Naivasha kwenda Kisumu na Malaba, wakiitisha kikao cha wananchi, waambieni ndugu zenu wa huko wasiulize umeme utakuja lini. Waulize kimo cha kila daraja juu ya reli kwa mita, ardhi ya vituo vya kupozea umeme imetengwa wapi, na mitambo ya ishara itavumilia kilovolti 25 au la. Wadai majibu yaandikwe.