Usimpeleke Winga

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini kiungo Juan Román Riquelme, aliyeitawala Boca Juniors ya Argentina, hakung'ara Barcelona, na ufanye nini na kijana wako wa miaka 16 mwenye mguu laini asiye na mbio, ambaye makocha wenzako wanataka umhamishie winga. Ukishalijibu la kwanza, la pili limejijibu, kwa hiyo naanza na Riquelme.

Waargentina wana jina la nafasi yake: enganche, neno lilelile la chuma kinachounganisha mabehewa ya treni. Boca ya kocha Carlos Bianchi, kuanzia 1998, ilipangwa 4-3-1-2: mabeki wanne, viungo watatu, mmoja mbele yao, na washambuliaji wawili. Huyo mmoja ndiye yeye. Nyuma yake alisimama Mauricio Serna, Mkolombia, akikaba katikati. Sebastián Battaglia aliziba kulia, na kushoto aliwekwa mwingine mwenye pumzi. Mbele kulikuwa na Martín Palermo na Guillermo Barros Schelotto, na Hugo Ibarra alipanda kutoka beki ya kulia. Watu humwona Riquelme akitembea wakadhani ni uvivu. Hawahesabu wangapi wamepangwa wakimbie ili yeye awe amesimama mahali sahihi mpira ukifika. Timu ile ilibeba Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa Amerika Kusini, 2000 na 2001.

Itafute mechi ya Tokyo, bingwa wa Amerika Kusini dhidi ya bingwa wa Ulaya, tarehe 28 Novemba 2000, Boca 2, Real Madrid 1. Palermo alifunga yote mawili ndani ya dakika sita za mwanzo. Bao la pili ni pasi ndefu ya Riquelme kutoka upande wao wa uwanja, iliyopigwa kabla mabeki wa Madrid hawajageuka. Kwa muda uliobaki mpira ulipomfika aliuficha, na Claude Makélélé, mkabaji hodari kuliko wengi wa zama zake, alihangaika naye usiku kucha. Kasi ya Riquelme ilikuwa kwenye mpira, haikuwa kwenye miguu.

Sasa tazama anavyofanya, maana hili linafundishika. Kabla pasi haijaondoka kwa mwenzake, ameshageuza shingo kutazama nyuma yake. Mwili unakaa ubavu-ubavu, bega moja likielekea goli la wapinzani. Anapokea kwa mguu ulio mbali na mkabaji, mara nyingi kwa wayo, anaukanyaga mpira huku mgongo na mkono vikimzuia mtu. Kisha anasubiri. Waargentina huuita mtulio huo la pausa, na si madoido: anamngoja mkabaji wa pili amfuate, kwa sababu yule wa pili akija, kuna mwenzake ameachwa peke yake.

Lakini kusubiri kuna thamani tu kama wapo wanaokimbia. Akikanyaga mpira, lazima mshambuliaji mmoja akate mshazari nyuma ya mabeki na beki wa pembeni apande. Wasipoondoka, ule mtulio unageuka uchelewaji, ananyang'anywa, na lawama zote zinamwangukia yeye.

Barcelona walimnunua 2002, na kocha Louis van Gaal akamweka pembeni kushoto. Hapo ndipo kosa lenyewe. Katikati ana pande zote za kugeukia, lakini ukimpeleka kwenye chaki ya pembeni nusu ya uwanja imekatwa, mstari wenyewe unamkaba, wapinzani wanasaidiwa bure. Tena winga anadaiwa vitu viwili: kumpita beki kwa mbio, na kurudi kumsaidia beki wake. Vyote viwili Riquelme hakuwa navyo. Mwaka 2003 akaja Ronaldinho, na Riquelme akatolewa kwa mkopo Villarreal, klabu nyingine ya Hispania.

Kule kocha Manuel Pellegrini alimwacha aingie katikati, Marcos Senna akilinda mgongo wake. Msimu wa 2004/05 Villarreal ilimaliza ya tatu Hispania, na Diego Forlán akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 25. Mwaka uliofuata walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakafungwa 1-0 na Arsenal London, na kwao mechi ikaisha 0-0 baada ya Jens Lehmann kudaka penalti ya Riquelme dakika za mwisho. Mchezaji yuleyule, miguu ileile.

Sikufichi gharama yake. Timu inayopita kwa mtu mmoja ina mlango mmoja. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2006 pale Berlin, kona yake ilimpa Roberto Ayala bao la kuongoza dhidi ya Ujerumani. Dakika ya 72 kocha wa Argentina, José Pekerman, akamtoa na kumwingiza Esteban Cambiasso ili walinde. Kipa Abbondanzieri, aliyeumia, alikuwa ametolewa dakika moja kabla, kwa hiyo nafasi mbili za kubadilisha zikawa zimeliwa. Argentina ikakosa mtu wa kuutuliza mpira, Miroslav Klose wa Ujerumani akasawazisha dakika ya 80, wakatolewa kwa penalti. Mimi naamini kumtoa lilikuwa kosa, ila wewe angalia kwanza jinsi timu ilivyokuwa haina njia nyingine ya kutoka nyuma.

Kwa kijana wako, chora eneo la mita 20 kwa 20, wanne kwa wanne, yeye awe huru, akicheza na upande wenye mpira. Wengine wapewe miguso miwili, yeye asiwekewe kikomo. Dakika nne, pumziko mbili, rudia mara nne. Usimsifie pasi nzuri kama hakugeuza shingo kabla ya kupokea.

Kosa utakaloliona mapema ni kurudi kuchukua mpira miguuni mwa mabeki wa kati. Anaupata kwa raha, lakini wapinzani wote wako mbele yake na nafasi yake imebaki tupu. Mwekee sheria: mabeki wakiwa na mpira, asivuke mstari wa kati kurudi nyuma. Na mkiupoteza, usimtume afukuze. Mpe kazi moja tu, kusimama kati ya mabeki wao na namba sita wao, yaani kiungo mkabaji, ili pasi hiyo isipite. Hiyo inahitaji hatua mbili tatu na macho, siyo mbio.

Wenzako wakikuambia mpira wa sasa hauna nafasi ya mtu wa namna hii, wana hoja: timu nyingi zinakaba kwa watu wote kumi. Waonyeshe tu fainali ya Libertadores 2007, Boca 5, Grêmio ya Brazil 0 kwa mechi mbili. Riquelme alifunga matatu kati ya hayo, akikaribia miaka 29 na hajawahi kuwa na mbio.

Jumamosi mpange nyuma ya washambuliaji wawili, na namba sita mwenye pumzi asiwe mbali naye zaidi ya mita 12. Kisha nihesabie mara ngapi alipokea akiwa ameshatazama nyuma, na mara ngapi mtu alikimbia mbele yake alipoukanyaga mpira. Niandikie hesabu zote mbili.

Mama yako