Wasomaji Wanauliza: Hizi tuzo za Murrow ni nini, na nani anazitoa?

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja. Nadhani ni kwa sababu siku hizi ukifungua tu ukurasa wa stesheni yoyote ya Marekani unakuta wamebandika juu kabisa kwamba wao ni washindi wa Murrow, ile tuzo ya habari za redio, TV na dijitali inayotolewa na RTDNA, chama cha wakuu wa habari wa Marekani. Nimechukua machache, mengine yalikuwa yanarudia yaleyale.

Habari za kazi mhariri. Binamu yangu ni kameramani kwenye stesheni moja ndogo ya TV huko Marekani. Juzi katuma picha kwenye grupu la familia, kavaa suti, anasema wameshinda Murrow. Mjomba akauliza wamepewa shilingi ngapi, binamu kimya mpaka leo. Hiyo tuzo ina pesa au haina?

Haina. Mwambie mjomba asikunje uso, binamu hajaficha kitu. Tuzo ya Edward R. Murrow ni heshima tu, na tena inapewa chumba cha habari, sio mtu mmoja. Yaani aliyeshinda ni stesheni, halafu waliofanya ile kazi (ripota, kameramani, mhariri wa video, prodyuza) wanaihesabu kama yao na wanaiweka kwenye CV, na wana haki hiyo kabisa maana bila wao hakuna kitu. Mimi napenda huu utaratibu kwa sababu kwenye TV mtu anayeonekana ni mmoja tu, yule mwenye mikrofoni, ila kazi imebebwa na watu ambao mtazamaji hajawahi kuona hata sura zao, kama huyo binamu yako. Pesa kama ipo basi itakuja baadaye kwa mlango mwingine, akienda kuomba kazi stesheni kubwa zaidi. Na tena kushiriki kwenyewe kunalipiwa, kila kazi unayoingiza ina ada yake, kwahiyo usishangae stesheni ndogo zikachagua kazi chache tu za kupeleka.

Mhariri naomba unisaidie, mimi nachanganyikiwa. Stesheni tatu za mji mmoja zote zinasema zimeshinda Murrow mwaka mmoja. Inawezekanaje? Au ni uongo wa matangazo?

Sio uongo, ila mara nyingi hawamalizii sentensi. Murrow ina ngazi mbili. Ya kwanza ni ya kanda: Marekani imegawanywa kwenye kanda, kila kanda ina majimbo yake, na hapo wanashinda wengi. Washindi wa kanda wanapanda wenyewe kwenda ngazi ya taifa bila kulipa upya wala kujaza fomu nyingine, na huko ndio mchujo unakuwa mkali. Sasa ongeza kwamba redio zinashindana na redio, TV na TV, dijitali na dijitali, stesheni za miji mikubwa hazichanganywi na za miji midogo, mitandao ya utangazaji ya taifa zima ina kundi lake, alafu kila kundi lina vipengele kibao: habari mpasuko, uchunguzi, dokumentari, michezo, makala, uandishi, hata matumizi ya sauti. Cha juu kabisa kinaitwa Ubora wa Jumla, hapo wanaangalia kazi ya chumba kizima cha habari na sio stori moja.

Kwahiyo stesheni tatu za mji mmoja zinaweza kushinda kila moja kwenye kipengele chake na zote zikasema ukweli. Wewe ukiona tangazo tafuta neno "kanda" au "taifa", ukikuta hawajasema basi chukulia ni ya kanda, maana aliyeshinda ya taifa hawezi kukuficha hata kidogo, atakwambia mpaka uchoke.

Na huo mgawanyo wa miji mikubwa na midogo mimi nauunga mkono. Stesheni ya New York ina helikopta na timu nzima ya uchunguzi, ile ya mji mdogo ripota anajiendeshea gari, anajipigia picha, anajihariria na saa kumi na mbili jioni anasoma mwenyewe, ukiwaweka hao wawili kwenye kipengele kimoja unajua mshindi kabla majaji hawajakaa.

Kaka mhariri, huyo Murrow mwenyewe alikuwa nani mpaka apewe tuzo? Na hicho chama kinachotoa kilianzaje?

Hapa nikae kidogo. Edward R. Murrow alizaliwa North Carolina mwaka 1908, akaingia kampuni ya utangazaji ya CBS mwaka 1935, na jina lake likakua akiwa London wakati wa vita kuu ya pili, Wajerumani wanadondosha mabomu usiku na yeye anatangaza kutoka hukohuko, Wamarekani wako sebuleni kwao wanasikia ving'ora kwenye redio. Baadaye akahamia TV, na tarehe 9 Machi 1954 kipindi chake kikamvaa Seneta Joseph McCarthy, yule aliyekuwa anaita kila mtu mkomunisti na watu wakubwa wanamuogopa. Ujanja wa kile kipindi ulikuwa rahisi ajabu: sehemu kubwa walimuonyesha McCarthy akiongea mwenyewe, kwa maneno yake, halafu Murrow anasahihisha.

Chama sasa. Kilianzishwa mwaka 1946 kama umoja wa wakuu wa habari wa redio. Wakati ule watu wa magazeti walikuwa wanawaona wa redio kama wasomaji wa karatasi tu, sio waandishi kamili, kwahiyo wakaona wajipange. TV ilipokuja ikaongezwa kwenye jina, na mwaka 2009 wakaongeza na dijitali, ndio ukapata RTDNA ya leo. Tuzo za Murrow wenyewe walianza kuzitoa 1971, miaka 6 baada ya mwenye jina kufariki.

Sasa sikiliza hii. Oktoba 15, 1958 huyuhuyu Murrow alialikwa kuhutubia mkutano wa hicho chama Chicago. Watu wanasubiri maneno matamu ya baada ya chakula, yeye akasimama akawasema wote, wenye stesheni, wadhamini, na mpaka waajiri wake, kwamba TV inatumika kuwalaza watu na kuwakimbiza kutoka kwenye ukweli wa dunia wanayoishi, na kwamba hicho chombo kinaweza kufundisha na kuamsha watu ila wanadamu wasipoamua kukitumia hivyo basi kinabaki waya na taa ndani ya boksi. Mabosi wa CBS hawakufurahi. Sasa chama kilichokaa kikasemwa vile ndicho leo kinatoa tuzo kwa jina lake, na mimi naona hilo ni jambo la kukisifia.

Tena kuna kioja kingine. Heshima ya juu ambayo chama hicho kinampa mtu mmoja mmoja inaitwa Tuzo ya Paul White. White ndiye aliyejenga idara ya habari ya CBS, na aliondoka hapo mwaka 1946 baada ya kugombana na bosi wake mpya, ambaye ni nani? Murrow. Leo majina yao yanakaa kabati moja.

Na kwa sisi wa Kiswahili nawaachia hii: kuanzia 1961 Murrow alikuwa mkuu wa shirika la habari la serikali ya Marekani, lile lililokuwa linasimamia Sauti ya Amerika, na idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ilianza 1962, yaani yeye ndiye alikuwa kwenye kiti.

Mimi naona hivi vyama ni vya kula bata hotelini na kupeana vikombe. Ripota akitunga habari wanamfanya nini? Wanamnyang'anya leseni?

Leseni hana, sasa wamnyang'anye nini. Marekani mwandishi wa habari hapewi leseni na mtu yeyote, katiba yao inazuia serikali kuingilia hapo, kinachopewa leseni ni stesheni kwa ajili ya masafa. Kwahiyo chama hakina rungu. Kina kanuni za maadili ambazo mtu anazifuata kwa hiari, na bosi wake ndiye anaweza kumfukuza, sio chama. Najua kwa msomaji aliyezoea kitambulisho cha baraza la habari hii inaonekana kama hakuna serikali, ila ndivyo kwao kulivyo.

Hizo kanuni nimezisoma na zina mambo ya maana. Wanasema stori kubwa siku zote ina pande zaidi ya mbili. Wanasema uchache wa watu na presha ya muda sio kisingizio cha kukosea. Na kuna moja wameigeuza ile mizaha ya vyumba vya habari, kwamba usiruhusu ukweli uharibu stori tamu, wao wanasema ukweli ndio UNATAKIWA uiharibu. Kuhusu kitu kinachosambaa mtandaoni wanasema hapo ndio uhakikishe zaidi. Ingekuwa mimi ningeibandika hiyo ukutani kwenye kila chumba cha habari, na kwenye magrupu ya familia pia.

Kuhusu kula bata, sherehe ipo, sikatai. Ila kazi ya chama ambayo hupigi nayo picha iko mahakamani. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu ya mtu mmoja wa Texas kwa sababu kamera za TV zilivuruga kesi, baada ya hapo kamera zikawa kama ugonjwa. Chama hiki ni kati ya waliobanana na suala hilo miaka na miaka, na 1981 mahakama ileile ikasema majimbo yanaweza kuruhusu. Leo unaona kesi laivu mpaka unachagua ya kufuatilia, ila Mahakama ya Juu yenyewe kamera bado haitaki. Pia walipigana na kanuni iliyolazimisha stesheni ikimshambulia mtu impe nafasi ya kujibu: wakashindwa 1969, wakarudi tena na tena, mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaamuru ifutwe. Hapo mimi roho inasitasita, maana aliyetukanwa hewani naye ana haki yake, lakini huwezi kusema jamaa hawa ni wa vikombe tu.

Halafu kila mwaka wanashirikiana na chuo kikuu kufanya utafiti wa vyumba vya habari, mishahara ikoje, wanawake wangapi, watu wa jamii za wachache wangapi. Ripota anayekwenda kuomba nyongeza anaingia na karatasi hiyo mkononi.

Murrow na Pulitzer na Peabody na Emmy tofauti yake nini? Fupi tafadhali.

Fupi. Pulitzer kwa asili ni ya magazeti, habari za sauti zimepata kipengele chao 2020 tu. Emmy ni ya TV na ina burudani ndani yake, habari ni tawi. Peabody inatoka Chuo Kikuu cha Georgia na majaji lazima wakubaliane wote bila hata mmoja kupinga. Murrow ni ya habari za utangazaji na dijitali peke yake na inatolewa na chama cha wenye fani wenyewe.

Dada yangu anasoma utangazaji chuo huko Marekani. Anaweza kushiriki au asubiri ajiriwe?

Asisubiri. Kuna Murrow za wanafunzi, zina ripoti za sauti, za video na za dijitali, na taarifa za habari zilizoandaliwa na wanafunzi. Kwa zile za wakubwa huingizwa kazi ya mwaka uliopita, kwahiyo na yeye awe na tabia ya kutunza kila alichorusha. Ushauri wangu ni kwamba achague stori ambayo mtu anaweza kuifuata hata akifumba macho, maana majaji wanasikiliza kazi nyingi na sauti mbovu inachosha haraka kuliko picha mbovu. Sekunde kumi za mwanzo ziwe na mtu au tukio, sio yeye akijitambulisha. Asome masharti ya urefu wa klipu kabla hajapakia, kazi nzuri zinaanguka hapo kizembe. Na ahifadhi ile kopi halisi yenye ubora kamili, sio ile aliyowatumia nyinyi WhatsApp.