Re: Taratibu za dharura kwenye kompyuta ni uvumbuzi kweli?

Mkuu, umeuliza kama mhandisi anayehamisha taratibu za dharura za kinu cha nyuklia (maelekezo ya hatua kwa hatua ya kufuata ajali ikitokea) kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta amevumbua chochote. Kwa maoni yangu amevumbua, tena jambo zito.

Angalia ajali ya Three Mile Island, Marekani, Machi 28, 1979. Vali ya kupunguza presha ilikwama ikiwa wazi, lakini taa kwenye paneli ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetumwa. Waendeshaji wakaamini imefungwa, wakapunguza maji ya dharura, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Taratibu za wakati ule zilimtaka mtu atambue kwanza ni ajali ya aina gani, ndipo achague ukurasa. Baadaye ziliandikwa upya zifuate dalili: presha, joto, kiwango cha maji.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Inasoma vipimo yenyewe, inavilinganisha na sharti la hatua uliyopo, na inakuonya sharti la hatua ya nyuma likivunjika wakati umeshasonga mbele. Karatasi haiwezi hilo. Ufaransa walivijenga vinu vya Chooz B vikiwa na chumba cha kuongozea cha aina hiyo. Ila makaratasi ya akiba lazima yabaki, maana skrini nazo huzimika.