Oti (oats, nafaka ya uji) ya siku 80? Za wapi?

Hizo mbegu umeshazilipia? Kama bado, pesa irudi mfukoni kwanza, ndugu yangu, kisha ndio tuzungumze. Wasema una ekari 2 Kikambala, huku Pwani ya Kenya, umepata oti ya Ufini "inayoiva mapema, siku 80", na wataka kujua mbolea, nafasi ya mistari na soko. Mimi naishi Kisauni, shamba langu liko Mtwapa, na hayo maneno ya siku 80 niliuziwa mimi kabla yako. Taslimu.

Siku 80 za wapi? Hilo ndilo sikuuliza. Ufini ya kusini, mwezi wa 6, mchana wafika urefu wa saa 19. Oti ni mmea unaofuata urefu wa mchana: ukiwa mrefu, unakimbilia kutoa masuke, ukiwa mfupi, unajikalia ukichipua majani. Wenyewe wanataka mbegu ya haraka kwa sababu baridi yawarudia mapema. Hapa kwetu jua lachomoza kama saa 12 na kuzama kama saa 12, Januari hadi Disemba. Oti yangu ilikuwa Mtwapa ikingojea kiangazi cha Ufini!

Nilipanda kilo 40 na mvua za masika. Siku ya 80 nikaenda na mundu mpya. Nyasi tupu. Jirani akaniuliza kama nafungua kiwanja cha mpira. Halafu joto na unyevu vikaleta ugonjwa wa kutu, majani yakageuka rangi ya machungwa, ukipita katikati suruali inatoka kama imepakwa binzari. Masuke yalipochungulia tulikuwa mwezi wa nne tangu kupanda, na ukiyafikicha ni makapi. Mbuzi wangu tu ndio walioniona mkulima hodari.

Yule bwana aliyeniuzia nilipompigia ati, "Labda ni udongo wako." Udongo! Pakiti ina picha ya theluji! Sawa, theluji niliiona, nikadhani ni pambo.

Kwa hivyo ukisikia "ya mapema", uliza siku hizo zilihesabiwa shamba gani, mchana wa saa ngapi, joto kiasi gani. Muuzaji akianza kukuzungusha, ondoka. Na usiseme utaihamishia Ol Kalou, kule Nyandarua: baridi wanayo, lakini mchana wao ni huu huu wetu. Wanaopanda oti huko wengi wanakata majani ya ng'ombe.

Ukitaka lishe, mabingobingo na mtama vipo. Ukitaka nafaka, mahindi ya PH4 (Pwani Hybrid 4) yalitolewa kwa ajili ya joto la Pwani.

Lo, na soko uliuliza. Huko mie sikufika.