Yadi ndogo ya magogo ipangwe kwa kufuata muda, unene baadaye

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba una msumeno mmoja wa mkanda na uwanja mdogo mbele yake, kwamba lori hushusha magogo popote penye nafasi, na kwamba kila unapofika chini ya rundo unakuta mbao zenye madoa ya bluu na vichwa vilivyopasuka. Kisha ukauliza kama dawa ni kujenga banda au kuyatenga magogo kwa unene. Nimesimamia yadi ya ukubwa kama huo kwa miaka kadhaa, na kwa maoni yangu banda linaweza kusubiri, na unene ni jambo la pili. Kinachopaswa kutawala mpangilio ni muda, yaani gogo lilikatwa lini na mti wa aina hiyo unaweza kungoja kiasi gani kabla haujaanza kuharibika.

Gogo lililotoka kukatwa limejaa maji, na mti hauanzi kusinyaa mpaka unyevu wake ushuke chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Tatizo ni kwamba vichwa vya gogo hupoteza maji haraka kuliko ubavu uliofunikwa na gome, hivyo vichwa husinyaa wakati sehemu ya ndani bado imevimba, na mvutano huo ndio unaoleta nyufa. Kuvu wanaoleta madoa ya bluu nao wana masharti yao: wanahitaji joto la wastani, hewa, sukari iliyomo katika sehemu nyeupe ya nje ya mti, na unyevu unaozidi takriban asilimia 20. Gogo lililolowa kabisa halina hewa ya kuwatosha, na mbao iliyokauka haina maji ya kuwatosha. Hatari iko katikati, gogo linapokuwa limekauka nusu, na hiyo ndiyo hali ya magogo yaliyosahaulika chini ya rundo lako. Kwa hiyo zipo njia mbili tu za uhakika: ama gogo lipasuliwe mapema, ama lihifadhiwe likiwa limelowa muda wote.

Aina za miti hazilingani katika kuvumilia. Msonobari, na miti mingine yenye mbao nyeupe laini, hauna subira. Katika majira ya joto madoa yanaweza kuonekana baada ya siku chache au wiki moja mbili, na kwa hiyo daima uwe wa kwanza kupanda kwenye msumeno. Mkaratusi una taabu ya namna nyingine, kwa sababu shina lake linabeba mvutano wa ndani wa ukuaji ambao huachiliwa mara mti unapokatwa vipande, na vichwa vinaweza kupasuka mbele ya macho yako. Mashina yake yaachwe marefu kadiri mashine na vibarua wako wanavyoweza kuyamudu, na yakatwe kwa urefu wa mbao siku ile ile ya kupasuliwa. Mtiki, mvule na mkangazi vinaweza kungoja miezi bila kiini chake kudhurika sana, ingawa sehemu nyeupe ya nje italiwa na bungua ikiwa utachelewa mno. Mteja akikusihi umpasulie mtiki wake leo huku msonobari wa wiki iliyopita ukiwa juani, unajua sasa nani wa kuombwa subira.

Tarehe ya kuhesabia ni ile ya mti kuangushwa, wala si ile ya lori kuingia getini. Muulize anayekuletea, na usipoyaamini maneno yake, liangalie gogo lenyewe: gome linalobanduka kwa mkono, nyufa zilizokwisha kuchora nyota kwenye kichwa, au unga laini uliotoka kwenye vitundu vidogo vya wadudu, vyote vinaonyesha kwamba gogo lilikaa porini muda mrefu. Gogo la namna hiyo liende mbele ya foleni hata kama limefika asubuhi ya leo.

Kuhusu marundo, ninashauri yawe machache. Nimeona yadi zilizogawanywa kwa aina, kwa urefu, kwa kipenyo na kwa daraja la ubora, hadi kukawa na marundo mengi ya magogo matatu matatu na njia ya kupita ikakosekana. Kwa uwanja mdogo, tenga kwanza miti isiyo na subira na ile yenye subira, kisha kila kundi lipewe sehemu mbili zilizo sambamba. Sehemu moja inajazwa wakati nyingine inamalizwa, na hairuhusiwi kuongeza hata gogo moja jipya juu ya rundo lililoanza kutumika, kwa kuwa hapo ndipo magogo ya chini yanapogeuka wakazi wa kudumu. Ikiwa eneo lako lina mteremko mdogo, magogo yaingizwe upande wa juu na yatolewe upande wa chini kuelekea msumeno. Ya kwanza kuingia yatakuwa ya kwanza kutoka bila mtu kulazimika kukumbuka. Vichwa vya upande mmoja vilingane, ili alama zisomeke bila kupanda juu ya rundo.

Gogo lisilale juu ya udongo. Weka magogo mawili manene ya kulalia, yawe ya mti mgumu, yakinyanyua rundo sentimita 20 hadi 30, na chini pamwagwe kokoto au changarawe juu ya ardhi inayotiririsha maji. Hili linapunguza mchwa na uozo, na pia linakuokolea meno ya msumeno, kwani mchanga ulionaswa kwenye gome huyatafuna kuliko mti wenyewe. Yale ya safu ya chini yatiwe kabari pande zote mbili. Gogo la msonobari mbichi lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa karibu nusu mita ya ujazo na uzito unaokaribia nusu tani. Kwa hiyo, kama huna mashine ya kunyanyulia, safu tatu zinatosha, magogo yatolewe kuanzia juu, na asisimame mtu upande wa mteremko wakati mwenzake anatumia mtaimbo au kulabu ya kugeuzia. Sheria hii ya mwisho sikuwahi kuilegeza hata kwa mzoefu.

Vichwa vipakwe siku ile ile vinapokatwa. Nta ya maji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ndiyo bora, lakini rangi nzito ya mafuta iliyopakwa mara mbili inasaidia kuliko kuacha wazi. Ufa uliokwisha kufunguka haufungwi na rangi, na hapo ni lazima ukate kisahani chembamba hadi ufikie mti mzima, ndipo upake. Ndiyo maana magogo yanayonunuliwa yawe na ziada ya sentimita 10 hadi 15 juu ya urefu wa mbao unayokusudia. Kuhusu gome wenye viwanda hawakubaliani: kuliondoa kunawafukuza wadudu wanaoishi chini yake na kunaondoa mchanga, lakini kunaharakisha ubavu kukauka na kupasuka. Mimi huliacha kwa gogo litakalopasuliwa karibuni, na huliondoa kwa lile la kiini kigumu litakalokaa muda mrefu kivulini.

Kivuli chenyewe hakihitaji banda. Mabanzi yaliyotandazwa juu ya rundo, yakining'inia kidogo mbele ya vichwa, yanakinga jua na kuruhusu hewa ipite. Turubai la plastiki lililotupwa tu juu ya magogo silipendi, kwa sababu linakusanya joto na unyevu bila kuziba hewa, yaani linawaandalia kuvu makazi. Ukiamua kuyanyunyizia maji, yanyunyizie mfululizo, kwani kunyunyizia leo na kuacha kesho kunalirudisha gogo katika ile hali ya katikati. Na maji meusi yanayotoka chini ya rundo yasielekezwe kisimani wala mtoni.

Alama ziwe rahisi. Namba ya rangi kwenye kichwa, rangi moja kwa kila mwezi, na daftari lenye namba, aina ya mti, tarehe ya kukatwa, chanzo, urefu na kipenyo cha katikati. Ujazo unaupata kwa kuzidisha eneo la duara la katikati kwa urefu. Kila gogo lichunguzwe kabla ya kupewa namba, hasa yale yaliyotoka kando ya nyumba na nyua, kwa sababu msumari au waya uliomezwa na mti mara nyingi hujionyesha kwa doa jeusi la kibluu kwenye kichwa. Hayo yatengwe kabisa na yapitishwe kifaa cha kutambua chuma.

Kwa rundo ulilo nalo sasa, usianze kulipanga upya lote. Simamisha kupokea mzigo kwa muda, safisha sehemu moja na uiwekee magogo ya kulalia, kisha bomoa rundo kutoka juu. Msonobari upelekwe moja kwa moja kwenye msumeno hata kama una madoa, kwa kuwa madoa ya bluu yanaharibu sura kuliko nguvu ya mbao na bado zinafaa kwa kazi zilizofichika. Unaobonyea kwa ncha ya kisu umeoza, uende kwenye kuni. Yenye subira yakatwe visahani, yapakwe vichwa, yapewe namba na kulazwa kwenye sehemu mpya. Lori linalofuata liruhusiwe kushusha pale tu ambapo nafasi yake imekwisha kutayarishwa.